Wawili Tu, na Nahodha

Tangazo lilisema: wawili tu, bahari na machweo ya jua. Mchumba wangu alinionyesha kwenye simu yake tukiwa ndani ya mwendokasi, tumesimama, begi la mtu nisiyemjua limenikandamiza mbavu. Picha ilikuwa ya mashua yenye tanga jeupe, mito miwili ya rangi ya chungwa, na mgongo wa mwanamke aliyeegemea bega la mwanamume. Hakukuwa na mtu mwingine kwenye picha. Nani alikuwa anaiendesha ile mashua? Siku ile sikujiuliza. Niliuliza bei.

Ili unielewe, inabidi ujue tulivyokuwa tunaishi. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa Dar es Salaam, na chumba ninacholala tunagawana wasichana wanne. Yeye amepanga chumba Sinza, kwenye nyumba ambayo jirani akikohoa unamwambia pole bila kunyanyua sauti. Kwetu wapo wazazi, kwao wapo wazazi. Tukienda ufukwe wa Coco kula mihogo, hatumalizi sentensi mbili bila muuza karanga, mpiga picha au mtoto mwenye sahani ya ubuyu kusimama mbele yetu. Tulikuwa na miaka miwili ya uchumba na sikumbuki saa moja nzima tuliyokaa bila mtu wa tatu kusikia. Kwa vijana wengi wa mji huu faragha si kitu unachokikuta nyumbani. Ni kitu cha kununua, kama maji ya chupa, na mara nyingi hela inakuwa haitoshi.

Basi tukanunua. Mwezi wa nane tukapanda boti kwenda Unguja, na saa kumi na moja jioni tulikuwa tumesimama kwenye mchanga wa Shangani, viatu mkononi.

Nahodha alikuwa mtu mzima, wa umri wa baba yangu. Alivaa kofia ya viua iliyofifia na shati la mikono mirefu, miguu mitupu. Alikuwa na kijana wa miaka kama 18 wa kumsaidia.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kanyaga hapa. Pale usikanyage, panateleza."

Akanishika mkono nikapanda. Naomba uikumbuke salamu hiyo, kwa sababu nitairudia.

Kijana akatweka tanga, foromali ikapanda mlingotini ikilia, na upepo wa kusi ukatuchukua taratibu kuelekea kaskazini. Mji Mkongwe ukaanza kupita upande wa kulia: bustani ya Forodhani na moshi wa wachoma mishikaki, vijana wakiruka majini kwa sarakasi, Ngome Kongwe kwa nyuma, kisha Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ukiwa baharini unaelewa kwa nini majumba yale yalijengwa yakitazama maji. Ulikuwa mji wa kutazamwa na wanaokuja na vyombo. Wale waliokuwa wakivileta hivyo vyombo, mabaharia waliosubiri kaskazi na kusi mwaka hadi mwaka, hawakujengewa kitu cha kutazamwa.

Tulikaa kwenye mito, ile ile ya rangi ya chungwa. Nahodha alikuwa nyuma yetu kwenye tezi, ameshika usukani, hatua tatu kutoka tulipokuwa. Kijana alikaa mbele, kwenye omo. Kwa dakika ishirini hivi nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza bila kuiharibu.

Kisha mchumba wangu akaanza kuongea kwa Kiingereza.

Sisi hatupendani kwa Kiingereza. Tunataniana, tunanuniana na kuombana radhi kwa Kiswahili. Alipobadili lugha nilijua linakuja jambo, na nilijua kwa nini amebadili: kuna watu wawili hapa, na hawatakiwi kusikia. Nami nikamfuata huko huko bila kusita.

Aliniambia kwamba mkataba wake wa kazi uliisha mwezi wa tano na haukuongezwa. Kwa miezi mitatu alikuwa akiamka, anapiga pasi shati, anapanda gari kwenda Posta, anazunguka mpaka jioni na kurudi. Fedha za safari ile, mashua ikiwemo, alizitoa kwenye akiba yetu ya harusi. Alitaka kuniambia mahali pazuri, akasema. Alitaka tuwe wawili tu.

Ningeweza kumshika mkono. Badala yake nilimjibu, kwa Kiingereza fasaha cha darasani, kwamba mama yangu aliona mbali kuliko mimi. Kwamba mwanamume asiye na kazi anayenunua machweo ni kichekesho. Nikamtaja baba yake na namna alivyoiacha familia, na nikasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Yapo mengine niliyosema juu ya baba yake ambayo sitayaandika. Kisha nikaanza kulia, na jua letu la kununua likawa linashuka, jekundu, bila mtu wa kulitazama.

Nitaeleza alichokifanya nahodha, kwa mpangilio ambao nilikuja kuukumbuka baadaye. Wakati ule nilikiona bila kukiona.

Sauti yangu ilipopanda, alimwita kijana aje nyuma, na wakaanza kuzungumza juu ya mpira, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilipoanza kulia, aligeuka akawa anatazama bahari ya upande wa pili, shingo imepinda, mkono tu ukiwa umebaki kwenye usukani. Kisha adhana ya Magharibi ikaanza, kwanza msikiti mmoja, halafu wa pili na wa tatu, zikapishana juu ya maji. Tulikuwa turudi wakati huo. Nahodha alikaa kimya mpaka adhana zikaisha. Halafu akasema kwa upole, kwa Kiswahili, bila kututazama: "Wanangu, turudi sasa, au tuzunguke kidogo? Upepo bado mzuri."

Mchumba wangu akasema tuzunguke. Tukazunguka. Kurudi ilikuwa dhidi ya upepo, ikabidi kubisha, huku na huku, na kila mara kijana alihamisha tanga kwa kazi kubwa. Tulipofika ufukweni giza lilikuwa limeingia na macho yangu yalikuwa yamekauka. Hakuna aliyekuwa pale angeweza kujua kwamba nililia.

Watalii wawili walikuwa wakimsubiri nahodha kuuliza habari za kesho. Akawajibu kwa Kiingereza. Si kile cha kuokoteza. Kiingereza kilichonyooka, chenye mizaha yake, cha mtu aliyekizungumza miaka mingi na watu wengi. Mmoja wao alipomwambia mwenzake kitu kwa Kiitaliano, nahodha akaingilia kwa Kiitaliano, wote wakacheka.

Mimi na mchumba wangu tulitazamana. Tukampa bakshishi shilingi 20,000, akaipokea kwa mikono miwili, akatuombea heri. Kisha akaenda pembeni, akaosha miguu kwa maji ya dumu, na akapanda ngazi za ufukweni akikimbia nusu-nusu kuelekea msikitini. Mimi ni Mkristo, lakini nimekulia Temeke na najua saa za adhana kama ninavyojua saa za umeme kukatika. Nilijua anakimbilia nini. Magharibi ni saa fupi. Jua tulilolinunua lilikuwa pia saa yake ya sala, na alikuwa ametupa sehemu yake ili nikaushe macho.

Tangu siku hiyo nina swali ambalo semina zetu hazijanimalizia: nilimkosea nini yule mzee?

Jibu la kwanza lililonijia ni aibu, kwamba alisikia siri zetu. Lakini hilo si kosa dhidi yake. Siri zilikuwa zetu na tulizimwaga wenyewe. Jibu la pili ni kwamba tulimvunjia heshima. Huenda. Ila sina ushahidi kwamba alijiona amevunjiwa. Mtu anayepeleka wapenzi baharini jioni baada ya jioni bila shaka ameshasikia ndoa zikiombwa na nyingine zikivunjika. Pengine sisi tulikuwa watu wa kawaida kabisa, hata wa kuchosha.

Nadhani kosa liko mahali pengine, na ili kulipata ilinibidi nirudi nyumbani, utotoni. Wazazi wangu walipogombana walihamia Kiingereza. Dada wa kazi alikuwa anaosha vyombo pale pale, maji yanamwagika, nao wanatoleana maneno makali juu ya kichwa chake. Nilipofika sekondari na mimi nikakipata Kiingereza, sikujifunza tu lugha ya vitabu. Nilijifunza kwamba nimepewa pazia. Katika nchi ambayo shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, pazia hilo huwaacha nje watu wale wale kila siku: wapishi, walinzi, madereva, mabaharia. Na tumelizoea mpaka hatuangalii tena kama kweli linaziba. Dada yule alikuwa ameishia kidato cha pili. Kiasi gani alikuwa anaelewa? Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu namna tunavyojionyesha mbele ya wengine, anaeleza hali ya mtu aliyepo mahali lakini anachukuliwa kana kwamba hayupo. Mfano wake mkuu ni mtumishi wa nyumbani. Nilipousoma ukurasa huo mwaka wa kwanza niliupigia mstari na kuandika pembeni kwamba ni kweli. Kisha nikaenda Unguja nikaufanya.

Plato anatusaidia zaidi. Katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, Glaucon anasimulia habari ya mchungaji aliyeokota pete ya ajabu: akiigeuza kidoleni haonekani. Kwa kuwa haonekani, anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa ufalme. Swali la Glaucon ni hili: yupo mtu ambaye angebaki mwema kama angekuwa na hakika kwamba haonekani? Kila nikiifikiria mashua ile naona kwamba sisi tuliigeuza hadithi. Hatukuivaa pete. Tulimvisha nahodha. Tukamfanya yeye ndiye asiyeonekana, na kwa kumfanya hivyo tukajipa uhuru ule ule wa mchungaji. Maana asiyeonekana hawezi kutuona.

Hapo ndipo salamu yangu inaporudi kunisuta. Shikamoo haisemwi kwa kila mtu. Ukimwamkia mtu hivyo na akaitikia marahaba, mmeshapangana: yeye ni mkubwa, wewe ni mwanawe, na ipo namna ya kukaa mbele yake. Yale niliyoyasema juu ya baba wa mchumba wangu nisingeyasema hata kidogo mbele ya baba yangu mzazi. Niliyasema hatua tatu kutoka kwa mtu ambaye nusu saa kabla nilimwamkia kama baba. Kwa hiyo heshima yangu ilikuwa ya mdomoni. Ilidumu mpaka nilipokaa kwenye mto. Nilimwamkia kama mzazi, kisha nikamfanya kiti, na nilichokuwa huru kukifanya mbele ya kiti kilikuwa ukatili. Nahodha alikosewa, naam. Lakini aliyeumia kwa uhuru ule alikuwa mchumba wangu. Kama ningekumbuka kwamba yupo mzee anasikia, ningechagua maneno, na mtu niliyempenda asingeyabeba yale aliyoyabeba.

Hapo ningeweza kumalizia: tuwaone watu, tuwaulize majina, tuwalipe vizuri. Yote ni kweli, na hayatoshi, kwa sababu kuna upande mwingine wa jioni ile ambao ni mgumu zaidi kwangu.

Tulinunua faragha kwa maana ya kutokuwepo mtu. Tukauziwa picha ya mashua inayojiendesha. Lakini bahari haitoi hiyo. Kuna upepo, kuna miamba, lazima awepo mtu na lazima awe macho. Tulichokipata hakikuwa kutokuwepo kwa mtu. Watu wa pwani wana neno lake: sitara. Nguo inakusitiri, ukuta unakusitiri, na mtu pia anaweza kukusitiri. Unapomwomba Mungu akusitiri humwombi asikuone. Unamwomba akuone, ajue, kisha akufunike. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha hafumbi macho, angefumba asingeweza kuosha. Anaona kila kitu, na kwa sababu ameona, ndiyo maana kunyamaza kwake kuna thamani.

Kiti kinanyamaza kwa kuwa hakikusikia. Nahodha alinyamaza kwa kuwa alisikia. Ukimya huo wa pili unafanya kazi: unamwita kijana aje nyuma, unaanzisha habari za mpira, unapinda shingo, unauliza kama tuzunguke. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ilihusu chombo, muda na mito miwili. Ile nyingine hatukuilipia na wala haina bei, maana hela inaweza kumfanya mtu asiongee, lakini haiwezi kumfanya ajali kwamba utashuka ufukweni na macho mekundu.

Nilipomsomea mchumba wangu rasimu ya insha hii, alicheka. "Unamfanya malaika," akasema. "Labda alichoka na kelele zetu. Labda alizunguka ili tumpe bakshishi nono." Inawezekana. Sikuwa moyoni mwake, na ningekuwa nafanya kosa lingine kama ningempa yule mzee moyo ninaoupenda mimi, kisha nikauita kumheshimu. Lakini hata kama alifanya vile kwa mazoea tu, au kwa kutarajia chochote, yaliyotendeka yalitendeka, nami niliyapokea kana kwamba upepo ndio ulionitendea. Deni langu halisubiri nijue nia yake.

Kisha akaniuliza: "Kwani anaitwa nani?"

Sijui. Ukisoma hapa kwamba ni "nahodha" tu usidhani ninamficha kwa adabu ya uandishi. Sikumuuliza.

Kuna pingamizi moja zaidi, na hili nililipata kwa rafiki ninayesoma naye. Alisema nikifuata hoja yangu hadi mwisho, basi hakuna mtu wa tabaka letu atakayeweza kuzungumza jambo la ndani popote. Kwenye bajaji kuna dereva, saluni kuna msusi, hospitali kuna mfagiaji, nyumbani kuna dada. Maskini na nusu-maskini wote tunaishi mbele ya masikio ya watu. Tukisubiri upweke kamili ndipo tuseme ukweli, hatutausema kamwe. Mchumba wangu asingeniambia habari ya kazi yake mpaka leo.

Yuko sahihi, na ndiyo maana simalizii kwa kusema tunyamaze. Ninachokitafuta ni namna ya kuzungumza mbele ya mtu bila kumfuta. Na nadhani lugha yetu ilikuwa nayo tangu zamani, ila sisi tuliopewa pazia la Kiingereza tumeiacha. Ni kuomba. Sitara huombwa. Ukimwomba mtu akusitiri umeshakiri kwamba yupo, kwamba anasikia, kwamba anaweza kukuumbua na umemwamini asifanye hivyo. Umemrudishia uamuzi ambao kwa kubadili lugha ulimnyang'anya. Na wewe mwenyewe, kwa kuwa umeomba, utachunga kinywa chako kidogo, kama anavyochunga mtu anayejua kuna mzee sebuleni.

Harusi yetu tumeisogeza mbele. Yeye amepata kazi ya muda, si kubwa. Yale maneno juu ya baba yake nimeyaombea radhi mara nyingi kwa Kiswahili, na bado naona kuna siku yanapita usoni kwake kama kivuli cha ndege. Sijui kama yataondoka.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye bajaji natoka Mlimani kwenda Sinza, akanipigia, na nikajua kwa sauti yake tu kwamba hayuko sawa. Dereva alikuwa kijana wa rika langu. Mdomo wangu ulishaanza kwenda kwenye Kiingereza. Nikausimamisha.

"Samahani kaka," nikamwambia, "nina jambo la nyumbani nataka kuongea. Naomba unisitiri."

Alinitazama kwenye kioo. Nadhani alishangaa, maana alichelewa kidogo kujibu.

"Ongea tu dada yangu. Usijali."

Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.